Kibao Nilichokitoa Ukutani

Mke wa mwanangu alihama nyumba yake mwenyewe kwa sababu yangu. Naanza na hilo ili mtu asisome akidhani huko mbele nitajitetea. Watu wetu wa hapa Minneapolis wana maneno yao. Wanasema Mkenya na Mtanzania hawakai nyumba moja, wanasema alikuwa na kiburi, wanasema kazi ya usiku hospitalini ilimnyima muda wa mume. Wote wanasema wasichokijua. Alihama kwa sababu ya kibao chekundu cha bati, ukubwa wake kama sahani ya wali, na mkono uliokitoa ukutani ni huu ninaoandikia.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Nasoma Kiswahili vizuri. Kiingereza nakiona tu kinapita, kama treni ya watu wengine. Mwanangu yeye alisoma kwa niaba yetu sote. Alikuja huku kama mwanafunzi, akamaliza, akapata kazi ya uinjinia, akaoa, akanunua nyumba Richfield, pale karibu na uwanja wa ndege ambapo ndege ikipita vikombe vinagongana kabatini. Kisha akaniita nije kulea wajukuu. Nikaja. Ilikuwa miaka ile ya simu za kukunja, na sola juu ya paa la mtu wa kawaida bado ilikuwa kitu cha kumfanya jirani asimamishe gari atazame.

Mwanangu alizifunga sola zake kwenye paa la nyuma, upande unaopata jua. Ukisimama barabarani huzioni hata moja. Alizipenda kuliko gari lake. Kila jioni alikuwa anakwenda kusoma namba kwenye kisanduku gerejini, anarudi anatutangazia jua limetupa kiasi gani, kama mtu aliyetoka kukamua ng'ombe.

Siku mkaguzi alipokuja kuzikagua sola, ndipo kibao kilipowekwa. Kilifungwa ubavuni mwa nyumba, juu ya mita ya umeme, kando ya mlango mdogo ninaotokea mimi nikienda kumwaga takataka. Kilikuwa chekundu, kina maandishi meupe na mchoro wa radi.

"Mama, njoo uone," mwanangu aliniita. "Hiki ni cha watu wa faya."

"Faya? Kuna moto gani?"

"Hakuna moto. Lakini ukitokea, gari la faya likija, kitu cha kwanza wanazima umeme wa mtaa hapa kwenye mita. Wakishazima wanajua nyumba yote imekufa. Sasa zile za juu hazina habari na mita. Jua likiwepo zinatengeneza umeme tu. Mtu akipiga shoka kwenye nyaya zake, anapigwa yeye."

"Na kibao kinamsaidia nini?"

"Kinamwambia. Kinamwambia juu kuna umeme mwingine, swichi yake iko gerejini, na hata ukiizima hiyo, nyaya za paani usizikate mchana."

"Na asiyejua kusoma?"

"Mama, hakuna mtu wa faya asiyejua kusoma."

"Mimi sijui Kiingereza."

"Na wewe si mtu wa faya."

Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na sare zake za hospitali, anajiandaa kwenda zamu. Akacheka, akashika kiuno. "Lakini babe, nyumba imekaa kama transfoma ya stima," alisema kwa Kikenya chake. "Watu wakipita watadhani hapa ndipo stima ya Richfield yote inatoka. Haki tutaanza kupigiwa simu stima zikipotea."

Mwanangu alicheka mpaka akainama. Hata mjukuu mkubwa, ambaye husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alicheka. Muweke utani huo akilini, kwa sababu siku moja ulikuja kusomwa kama ushahidi.

Mimi sikucheka. Nitasema kwa nini, ingawa sababu haipunguzi kosa.

Dar es Salaam tulikuwa na nyumba, mimi na marehemu mume wangu, pembeni mwa barabara kubwa. Vyumba vitano, tuliijenga tofali kwa tofali. Siku moja asubuhi walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu. Hawakusalimia. Mmoja akachovya brashi akapiga alama ya X ukutani, kubwa, kutoka dirishani mpaka kwenye baraza, akaandika BOMOA. Mtu yeyote wa kwetu anajua maana yake. Tangu siku hiyo wewe si mwenye nyumba, wewe ni mtu anayesubiri. Wapangaji wanahama. Wageni wakija wanasalimia ukuta kabla ya kukusalimia wewe. Tulikaa na ile X miezi na miezi. Nilijaribu kuisugua kwa brashi ya viatu, nikaipaka chokaa, ikatokeza juu ya chokaa. Kisha greda likaja. Vumbi halijatua, majirani niliowapikia misibani walikuwa wanabeba milango yangu na mabati yangu. Mume wangu hakumaliza mwaka.

Kwa hiyo mnapotaka kujua mama mzima, mwenye akili zake, aliyeelezwa na mwanawe kwa Kiswahili safi kibao ni cha nini, kwa nini hakukielewa, jibu ni kwamba nilikielewa. Nilikielewa kabisa. Lakini kila nikitoka na mfuko wa takataka, macho yalikuwa yanaona nyekundu ukutani mwa nyumba ya mwanangu, nami nilikuwa napita nimegeuza uso.

Bado ningevumilia. Ila tulikuwa na jumuiya, akina mama Watanzania, tunasali nyumba kwa nyumba, leo kwako wiki mbili zijazo kwangu. Alikuwepo mama mmoja wa Golden Valley, mwenye nyumba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Siku moja alinileta nyumbani na gari lake, akanisindikiza mpaka mlango wa ubavuni. Akakiona. Alingoja mpaka mkutano uliofuata, tuko watu kumi na kitu, chai imemiminwa.

"Jamani, mwenzetu huyu mmemsikia?" alisema. "Bomoabomoa imemfuata mpaka Marekani. Nimeiona X yake kwa macho yangu, nyekundu hivyo!"

Wakacheka. Na mimi nikatoa meno.

"Wanabomoa lini, mwenzangu? Tuambie mapema tuje na gari, tuwahi mabati."

Alikuwa anatania tu. Hakujua habari za mabati yangu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua, kwa sababu mkutano unaofuata ulikuwa wetu, na wote wangepita mlango ule ule, kwa kuwa pale ndipo pa kuvulia viatu.

Siku moja kabla ya mkutano, mwanangu akiwa kazini na mkewe amelala baada ya zamu, nilichukua kisu cha mezani nikakifungua kibao. Skrubu nne. Ya mwisho ilikuwa ngumu, nikaizungusha mpaka kisu kikapinda. Nikakifunga kibao kwenye khanga, nikakitia chini kabisa ya sanduku langu la nguo. Nilijiambia jumuiya ikipita nitakirudisha.

Jumuiya ikapita. Yule mama wa Golden Valley alitazama ukuta, akanitazama mimi, akala maandazi yangu kimya. Nilifurahi, siwafichi. Kesho yake ilinyesha. Kesho kutwa mtoto alikuwa na homa. Halafu nikaona hakuna anayeuliza. Mwanangu na mkewe walikuwa wanaingia na magari moja kwa moja gerejini, mlango wa ubavuni ulikuwa wangu peke yangu. Ukuta ulikaa vizuri bila kile kitu. Nikakiacha sandukuni.

Moto ulitokea mwezi wa kumi na moja, saa sita mchana, jua limewaka kweupe lakini baridi inakata masikio. Ulianzia kwenye feni ndogo ya bafuni, ile ya darini inayovuta mvuke. Ilijaa vumbi, ikachemka, ikawasha vitu vilivyomo juu ya dari. Si kosa la mtu. Mimi nilikuwa jikoni na mjukuu mdogo, mama yake amelala baada ya zamu ya usiku. Nikasikia harufu kama ya mpira, nikaona moshi unashuka kwenye tundu la feni. Nikampigia mkwe wangu mlango kwa ngumi zote mbili.

"Amka! Nyumba inaungua!"

Akatoka na kanzu ya kulalia, akambeba mtoto, akanisukuma mimi mbele, simu iko sikioni. Tukatoka. Alikuwa hana viatu. Mama jirani wa ng'ambo ya barabara akaja mbio, akamvuta yeye na mtoto ndani kwake, kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa mpaka anatapika. Mimi nikabaki kando ya barabara. Nilikataa kwenda. Nilijifanya naangalia nyumba, kumbe nilikuwa naangalia ule ubavu usio na kibao.

Gari la faya lilikuja upesi. Mmoja wao alizunguka moja kwa moja kwenye ubavu wa nyumba. Nilimwona. Alifika kwenye mita, akatazama ukuta, juu, chini, kulia, kushoto. Ukuta haukumwambia kitu. Akazima umeme, akawapigia wenzake ukelele na kuonyesha kidole gumba. Wawili wakaweka ngazi, wakapanda na mashoka kwenda kutoboa paa ili moshi utoke.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikakimbia kwa mzee wao, yule mwenye kofia ya rangi tofauti. Nikamshika mkono. Na kinywani mwangu hakukuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. "Juu kuna umeme!" nilimwambia. "Jua! Jua linatengeneza umeme! Waambie wasikate!" Nikaonyesha jua, nikaonyesha paa. Akaniitikia kwa upole, akamwita mwenzake, mwenzake akanifunika blanketi, akanikalisha kwenye ngazi ya gari lao. Waliona bibi aliyechanganyikiwa kwa moto. Nikasimama, wakanikalisha tena.

Yule wa juu alipovuka mgongo wa paa aliziona sola. Lakini alishaambiwa umeme umezimwa, na mtu akiambiwa umezimwa na mwenzake anayemwamini, anaamini. Shoka likashuka. Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia kama kitambaa kinachanika, na mtu akapiga kelele mara moja tu. Mwenzake alimdaka mkanda wa koti, vinginevyo angekuja chini. Walipomteremsha, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sharubu, uso mweupe kama unga, na glavu ya mkono wa kulia imeshikana na ngozi.

Aliishi. Nasema hivyo mapema. Mkono wake sikuuona tena, kwa hiyo sitawadanganya kuhusu mkono.

Mwanangu alifika kutoka kazini moto umeshazimwa, paa lina shimo la kupitisha ng'ombe. Mzee wa faya alimpeleka ubavuni. Walisimama pale wakitazama matundu manne ya skrubu. Mkwe wangu alikuwa amerudi kutoka kwa jirani na viatu vya kuazima, vimemzidi. Mwanangu alimjia mbele ya watu wa faya, mbele ya majirani, mbele ya mtoto.

"Umekipeleka wapi?"

"Nini?"

"Kibao! Ulisema nyumba inafanana na transfoma. Ulikuwa unaona aibu. Umekipeleka wapi?"

"Mimi? Ilikuwa tu joke. Sijagusa kitu, mimi."

"Nani basi? Watoto? Mama?"

Alilitamka neno *Mama* kama mtu anayetaja kitu kisichowezekana. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, hatua nne kutoka kwao, blanketi la watu wa faya mabegani. Sikusema neno. Mkwe wangu hakunitazama hata. Hakuwa na sababu ya kunitazama. Hakunidhania.

Wakati nyumba inatengenezwa tulihamia hoteli ya kando ya barabara kuu, vyumba viwili vyenye mlango katikati. Wiki tatu. Mwanangu hakumpiga mkewe wala kumtukana, ningependa muelewe. Alimnyamazia. Alikuwa anapitisha maneno kwa mtoto: mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako vile. Akipigiwa simu na rafiki, anaeleza kwa sauti ya kusikika ukutani: "Eti kinaharibu sura ya nyumba. Mtu nusura afe kwa sababu ya sura ya nyumba." Habari zikatoka, zikafika kwenye jumuiya, zikafika kwa Wakenya wenzake kanisani kwao. Huyu mwanamke ambaye kazi yake ni kuwageuza wagonjwa usiku kucha, akawa ndiye aliyemuunguza mtu wa faya kwa urembo.

Na alikuwa anaendelea kunipikia. Akitoka zamu, macho mekundu, ananiuliza, "Mum, umekula?" Naitikia nimekula.

Wiki ya kwanza haijaisha alichukua nguo zetu zote akazifue, kwa kuwa zilinuka moshi. Nilikuwa nje na mtoto. Niliporudi nikafungua sanduku langu. Kila kitu kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa. Kibao kilikuwa chini pale pale, ndani ya khanga yangu, lakini mkunjo haukuwa wangu. Mimi hukunja khanga mara tatu. Hii ilikunjwa mara nne, pembe zimenyooka kama shuka za hospitali.

Nilikaa kitandani nikasubiri aje na mumewe. Hakuja. Jioni alinipa uji kama kawaida. "Mum, shika kikombe vizuri, ni moto." Akaniangalia machoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alikuwa ananingoja. Nami nilijua ananingoja, na nikamngojesha wiki mbili zaidi.

Mtu ataniuliza niliogopa nini. Nitasema ukweli ulivyo mbaya. Niliogopa kurudishwa nyumbani nisikokuwa na nyumba. Na kulikuwa na jingine: sikuwahi kumpenda sana. Nilitaka mwanangu aoe kwetu. Kuna pembe ndani yangu iliyokuwa inaona akilaumiwa, ikatulia.

Jumapili ya wiki ya tatu tulikuwa mezani, wali na kuku. Mwanangu akamwambia mtoto mkubwa, "Muulize mama yako, yule mtu angekufa, angewaambia nini watoto wake."

Mtoto akaweka uma chini. Hakuuliza. Mkwe wangu akaendelea kupakua. Ndipo nikasema.

"Ni mimi."

"Ni wewe nini, Mama?"

"Kibao nilikitoa mimi. Kwa kisu. Kiko kwenye sanduku langu."

Nikainuka nikakileta, nikakiweka mezani katikati ya sahani. Mwanangu alikitazama. Nilijiandaa. Nilitaka anipigie kelele zile zile alizompigia mkewe barabarani. Badala yake akavuta pumzi, akatikisa kichwa, akatabasamu, kile kitabasamu anachompa mtoto mdogo akimwaga maziwa.

"Aah, Mama. Hukujua."

"Nilijua. Uliniambia mwenyewe."

"Basi, basi. Mambo ya kizamani, ile bomoabomoa bado iko kichwani mwako. Yameisha, Mama. Kula." Kisha akamgeukia mkewe, mara ya kwanza kumsemesha moja kwa moja tangu siku ya moto. "Mletee Mama maji."

Akarudi kwenye sahani yake. Nilingoja aongeze neno. Mkwe wangu naye alingoja, amesimama na kijiko. Kisha akaenda akaniletea maji, akayaweka mbele yangu taratibu, bila kumwaga hata tone.

Asubuhi alikuwa amefunga mabegi matatu, lake na ya watoto. Rafiki yake, muuguzi mwenzake, alikuja kuwachukua kuwapeleka kwake Inver Grove Heights. Mwanangu alikuwa ameshakwenda kazini. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Mwanangu, nisamehe. Kosa ni langu. Usivunje nyumba kwa kosa langu."

"Wewe nimeshakusamehe, Mum," alisema. "Hata kabla useme. Nilijua ungesema tu siku moja."

"Basi rudi ndani."

"Wiki tatu nilivumilia. Nilijiambia, akijua ukweli ataona vile amenifanyia. Sasa amejua." Akamfunga mtoto mkoba mgongoni. "Kwako alimaliza na dakika moja, Mum. Mimi hata sori sikuambiwa. Hiyo dakika ndiyo imenishinda."

Nilimpigia mwanangu simu kazini, nikamwambia aende Inver Grove Heights siku ile ile, apige magoti kama inabidi. Akasema ana mkutano. Jioni nikamwambia tena. Akasema, "Atarudi, Mama. Wanawake wa Kikenya wana hasira, zinapoa." Nilimwambia asiniletee habari za Wakenya, yeye ndiye mwenye kosa sasa, si mimi wala mkewe. Akaniambia nisipandishe presha. Nilimlea hivyo mwenyewe. Kwetu mama hakosei mbele ya mwanawe, na aliyeolewa huwa ndiye mgeni wa kubebeshwa lawama. Mimi nilibebeshwa nilipokuwa bibi harusi, na nilipozaa mvulana nilimfundisha yale yale bila kujua nafundisha.

Paa lilitengenezwa, tukarudi Richfield, mimi na yeye. Nyumba ya vyumba vinne, watu wawili. Jioni anakwenda gerejini kusoma namba zake, akirudi hana wa kumtangazia isipokuwa mimi, na mimi namwambia chakula kinapoa.

Kila Jumamosi napanda mabasi mawili kwenda kuwaona wajukuu. Mkwe wangu sasa ana nyumba yake ndogo ya kupanga. Ananifungulia mlango, ananivua koti, ananipa chai ya maziwa ya Kikenya iliyokolea majani. Ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Hatulitaji jina la mwanangu.

Nikirudi jioni, mwanangu yuko sebuleni ananingoja, anajifanya anaangalia televisheni.

"Wazima?"

"Wazima."

"Amesema nini?"

"Nenda ukamuulize mwenyewe," namwambia.

Anapunguza sauti ya televisheni, halafu anaipandisha tena. Hajaenda.